Waini ya Dodoma kwenye meza ya Mtwara: nyeupe, nyekundu, tamu, au ya mabibo?

Duka la vinywaji mjini Mtwara, liwe la karibu na Soko Kuu au la kule Shangani, siku hizi halikosi chupa kadhaa za waini ya Dodoma. Zimepangwa pamoja, bei hazipishani sana, na muuzaji ukimuuliza ipi nzuri atakwambia, "Zote zinaenda, bosi, inategemea na wewe." Wengi huchukua ile tamu kwa sababu haijawahi kumkera mgeni. Wakifika nyumbani wanaimimina pembeni ya samaki aina ya changu aliyekamuliwa ndimu, na ndani ya dakika tano changu hana ladha, waini nayo inaonekana kama sharubati.

Ulinganisho huu ni wa mtu anayesimama mbele ya rafu hiyo huku anajua jioni atapika nini. Nimeweka sambamba chupa tatu za Dodoma, nyeupe drai (yaani isiyo na utamu wa sukari), nyekundu drai na nyekundu tamu, halafu nikaongeza kinywaji cha kwetu cha mabibo, yale matunda ya mkorosho. Kumpangia mtu wa kusini meza ya mvinyo bila kulitaja bibo ni kujifanya hatujui tunaishi wapi.

Vigezo

Kila kinywaji nimekipima kwa mambo manne. La kwanza ni tunda lenyewe: limetoka wapi na lina tabia gani. La pili ni mezani, yaani kinakaaje na chakula tunachokula huku. La tatu ni joto, kwa sababu chupa inayovumilia Dodoma au Arusha inaweza kuharibika Mtwara. La nne ni mfuko na upatikanaji, pamoja na nani hasa kinamfaa.

Maneno matatu yatajirudia. Uchachu ni ile hali ya mate kujaa mdomoni baada ya kumeza. Utamu ni sukari iliyobaki. Ukakasi ni ule unaokausha ulimi na ufizi, na aliyekulia huku hahitaji maelezo marefu: ni ule ule wa kutafuna bibo bichi, ila kwenye waini unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu.

Halafu kuna jambo moja ambalo kwangu linazidi vigezo vyote: angalia mchuzi kabla ya kuangalia nyama. Ule usemi kwamba samaki huenda na nyeupe na nyama na nyekundu unasaidia kidogo tu huku kwetu. Changu ni yule yule, lakini changu wa kukaanga, changu wa tui zito na changu wa makaa aliyepakwa pilipili ni milo mitatu, na kila mmoja unadai chupa yake. Tui, ndimu, pilipili na moshi ndivyo vinavyoamua.

Kuhusu zabibu za Dodoma, kwa ufupi

Zabibu Dodoma zililetwa na wamisionari Wakatoliki katika miaka ya 1950, na Bihawana, misheni iliyo karibu na mji wa Dodoma, ndilo jina linalotajwa zaidi ukiuliza historia hiyo. Mji uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua ni chache, mara nyingi chini ya milimita 600 kwa mwaka, na kiangazi ni kirefu. Hicho ndicho mzabibu unachokipenda. Ukiupanda Mikindani, unyevu wa bahari utaleta ukungu kwenye majani kabla shada halijaanza kubadilika rangi.

Huko Ulaya baridi ndiyo inayoulaza mzabibu. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo, kwa hiyo mkulima ndiye anayeupangia ratiba kwa kupogoa, na unavunwa mara mbili kwa mwaka: karibu na Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mavuno ya kiangazi ndiyo yanayosifiwa zaidi na watengenezaji, kwa kuwa mvua za mwanzo wa mwaka hulijaza tunda maji na kuleta magonjwa. Utafiti wa zao hili unafanyika Makutupora, kwenye kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania), na jina la kituo hicho utalikuta pia kwenye lebo za chupa.

Kuna suala la kodi ambalo mnunuzi analihisi bila kuliona. Ushuru wa bidhaa unaitenga waini ambayo zabibu zake za ndani zinazidi asilimia 75 na kuitoza kidogo kuliko ile ya kutoka nje. Ndiyo maana chupa ya Dodoma mara nyingi inakaa chini kidogo ya ile ya Afrika Kusini kwenye rafu moja, ingawa nayo imesafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 kwa lori, kupitia Dar es Salaam, Rufiji na Lindi, hadi kutufikia.

Nyeupe drai (Chenin Blanc)

Tunda. Chenin Blanc asili yake ni bonde la mto Loire huko Ufaransa, lakini nchi iliyoipanda kwa wingi kuliko zote leo ni Afrika Kusini, ambako pia huitwa Steen. Sifa yake kubwa ni uchachu usiokimbia hata tunda likiivia kwenye jua kali. Zabibu nyingi nyeupe zikipigwa na jua la kitropiki hulegea na kuwa kama maji ya sukari. Hii hubaki imesimama. Harufu yake ni ya tofaa la kijani na pea, na chupa nyingine utapata nanasi bivu au asali kwa mbali, hata kama waini yenyewe ni drai kabisa.

Mezani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwa chakula cha pwani ya kusini hii ndiyo yenye kazi nyingi zaidi. Anza na samaki wa kukaanga. Mafuta hubaki kwenye ulimi, na uchachu wa Chenin unayafagia, kwa hiyo kipande cha tatu kinakuwa na ladha ile ile ya kipande cha kwanza. Kamba na kambakochi waliopikwa kwa kitunguu saumu na ndimu wanaipenda vilevile. Ngisi pia, alimradi hajakaangwa hadi akawa mpira.

Tui ndilo jaribio lenyewe. Tui la kwanza lina mafuta na lina utamu wake, na waini yenye ukakasi ikikutana nalo inageuka chungu. Chenin haina ukakasi wa kutaja. Pweza wa nazi, mbaazi za nazi, kisamvu kilichoungwa kwa tui zito: vyote hivi huwa vizito mdomoni baada ya matonge machache, na glasi baridi ya nyeupe inavifungua tena. Ukila na ugali wa muhogo usihangaike kuutafutia mwenzake. Ugali unabeba mboga tu, chagua kwa kufuata mboga.

Kuna mipaka miwili. Ndimu ikizidi mno kwenye sahani, chakula kinakuwa kichachu kuliko waini, na waini inaonekana kama maji. Kamulia ndimu mezani, kidogo kidogo, badala ya kumlowesha samaki jikoni. Mpaka wa pili ni pilipili. Kilevi huchochea muwasho wake, na kwenye drai hakuna sukari ya kutuliza. Pweza wa pale Feri, kwenye soko la samaki, anayechovywa kwenye chachandu ya pilipili kichaa hadi machozi yatoke atakufanya unywe haraka kwa sababu ya moto, na waini yenyewe hutaionja.

Joto. Inatakiwa baridi, nyuzi 8 hadi 10, maana yake saa mbili au tatu kwenye friji ya kawaida. Umeme ukikatika, deli lenye barafu iliyochanganywa na maji linafanya kazi kwa nusu saa. Barafu tupu bila maji inachelewa kwa sababu haigusi chupa yote. Ukishafungua, rudisha kizibo, weka kwenye friji na uimalize ndani ya siku tatu.

Mfuko na mtu wake. Maduka madogo ya mitaani mara nyingi hayaiweki, kwa hiyo itafute kwenye maduka makubwa ya vinywaji au kwenye hoteli za Shangani na Mikindani. Inamfaa mla samaki, na inamfaa mnywaji wa bia baridi anayetaka kujaribu waini bila kuhisi amekunywa dawa. Aliyezoea soda itamchukua muda kuielewa.

Nyekundu drai (Makutupora na Syrah)

Tunda. Makutupora Red ni zabibu nyeusi iliyoenea mno mashambani Dodoma, na pamoja na Chenin Blanc ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya waini ya huko. Watu huila pia mbichi. Ndoo za zabibu zinazouzwa kando ya barabara ukipita Dodoma mara nyingi ni hiyo. Syrah ni mgeni kutoka bonde la Rhône, Ufaransa, na Waaustralia huiita Shiraz. Hii ina harufu ya pilipili manga na matunda meusi, na ukakasi wake ni mkubwa zaidi. Kwa ulimi wangu chupa ya Makutupora ni nyepesi, haina makuu, na inakubali kupoozwa; ya Syrah inataka nyama ya kutafuna. Lebo ikiandika "nyekundu drai" tu bila jina la zabibu, itegemee kuwa upande wa wepesi.

Mezani. Mbuzi wa makaa, mishikaki, ng'ombe wa mchuzi mzito wa nyanya, kuku wa kienyeji aliyechemshwa taratibu hadi mfupa ukaachia: hapo ndipo kwao. Nyama ina mafuta na protini vinavyoushika ukakasi na kuulainisha. Pilau ya nyama ninaipa Syrah bila kusita, kwa sababu pilipili manga, karafuu na mdalasini vilivyo kwenye sufuria vinakutana na ndugu zao kwenye glasi.

Sasa samaki. Watu wengi wameonja nyekundu na nguru wa kukaanga wakabaki na ladha ya chuma mdomoni, wakalaumu chupa. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kisababishi kikubwa ni madini ya chuma yaliyomo kwenye waini: yakikutana na mafuta ya samaki hutoa harufu ya shombo, na kadiri chuma kinavyoongezeka ndivyo shombo linavyozidi. Nyeupe inaweza kuwa na chuma pia, ila nyekundu ndiyo inayokamatwa mara nyingi. Samaki mwenye mafuta mengi na nyekundu ni hatari kubwa. Pweza wa makaa, ambaye mafuta yake ni kidogo na moshi umemshika, anaweza kwenda na Makutupora iliyopoozwa bila ugomvi wowote. Jodari wa kuchoma naye hujaribiwa, mradi ni mbichi wa siku hiyo na hajaiva kupita kiasi.

Kwenye tui, iache. Nimeshasema kuhusu uchungu, na hakuna mbinu ya kuukwepa.

Kwenye korosho, sijui kwa nini hoteli za huku hazijalifanya hili kuwa desturi. Chukua korosho zilizobanguliwa, zikaange kavu kwenye kikaango cha chuma kwa moto mdogo, uzigeuze mfululizo hadi zipate madoa ya kahawia mgongoni, kisha nyunyiza maji ya chumvi kidogo kikaango kikiwa bado jikoni. Maji yanakauka papo hapo na chumvi inabaki imeganda kwenye kila punje. Zilete mezani zikiwa vuguvugu. Chumvi inapunguza ukakasi, mafuta ya korosho yanauzungushia ulaini, na ule ukaango wa kahawia unaitoa harufu ya Syrah kuliko nyama yoyote. Mtu anayetaka kufungua chupa moja na marafiki wawili bila kupika chakula cha usiku hahitaji kitu kingine.

Joto. Vitabu vinasema nyekundu inywewe kwenye joto la chumbani. Chumba hicho ni cha Ulaya, nyuzi 16 au 18. Chumba cha Mtwara mwezi wa Desemba ni nyuzi 30, na nyekundu ya nyuzi 30 inanuka spiriti na kuchoma koo. Itie kwenye friji dakika 40 kabla ya kula. Atakayekucheka kwamba hujui waini, mpe ya kwake ya moto.

Mfuko na mtu wake. Inapatikana kirahisi kuliko nyeupe. Inamfaa mla nyama, mpenda kahawa isiyo na sukari, na familia inayosherehekea kwa mbuzi. Haimfai anayekula samaki siku sita kwa wiki, na huku watu hao ni wengi.

Nyekundu tamu

Tunda. Zabibu ni zile zile za Dodoma. Tofauti iko kiwandani. Uchachushaji unasimamishwa kabla sukari haijaisha, au utamu unaongezwa baadaye. Baadhi huongezewa spiriti, na hizo zinapita kwa mbali nguvu ya waini ya kawaida, ambayo kwa kawaida huwa kati ya asilimia 11 na 14. Kwa hiyo soma asilimia kwenye lebo kabla ya kuimimina kwenye glasi kubwa. Sukari inaficha kilevi vizuri sana.

Mezani. Wanywaji wa drai huidharau hii bure. Ndiyo inayoivumilia pilipili kuliko wenzake wawili, kwa kuwa utamu unauzima moto. Kuku wa pilipili, ngisi wa rojo kali, mihogo ya kukaanga yenye chachandu: ipoze vizuri na utaona. Kwenye vitafunio vya sukari, kanuni ni kwamba kitafunio kisiizidi waini kwa utamu. Kashata za nazi na vitumbua vinapita. Kalimati zilizolowa shira na halua vinaishinda, na waini itaonekana chachu ghafla. Usiipeleke kwa samaki wa ndimu wala kwa tui. Utamu juu ya utamu unachosha.

Joto. Hii ndiyo inayostahimili duka la bati kuliko zote, na ikifunguliwa inakaa siku kadhaa zaidi kwenye friji. Iliyoongezewa spiriti inaweza kukaa wiki kadhaa. Inywe baridi.

Mfuko na mtu wake. Ipo kila mahali, hadi vijijini. Inafaa kwenye shughuli yenye wageni mchanganyiko, na kwa anayeanza. Mwenye kisukari aiogope.

Mvinyo wa mabibo

Tunda. Bibo lina majimaji mengi, sukari ya kutosha, na vitamini C mara kadhaa zaidi ya chungwa. Lina pia ule ukakasi wake unaokereketa koo. Kuanzia Septemba hivi hadi mwisho wa mwaka, mashamba ya Tandahimba, Newala, Masasi na vijiji vya Mtwara yanajaa mabibo chini ya mikorosho, na mengi huozea pale pale kwa sababu mkulima anaitaka korosho.

Vinywaji hapa ni viwili, wala visichanganywe. Uraka ni maji ya bibo yaliyokamuliwa na kuachwa yachachuke yenyewe kwa chachu za asili zilizo kwenye ganda. Wa asubuhi ni mtamu na mwepesi, wa jioni una nguvu, wa kesho unaelekea kwenye siki. Mvinyo wa mabibo ni maji hayo hayo yakiwa yamesafishwa ukakasi, mara nyingi kwa wanga au jeletini, yakatiwa hamira maalumu na kupewa muda wa kutulia. TARI Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, wamekuwa wakifundisha vikundi vya wajasiriamali kusindika mabibo kuwa juisi, jamu na mvinyo. Ubora wa kikundi hadi kikundi unatofautiana, na hata chupa hadi chupa.

Gongo ya mabibo siiweki kwenye ulinganisho huu. Ni haramu kisheria, na asiyeiona ikipikwa hajui anakunywa nini.

Mezani. Bibo lina harufu kubwa inayotangulia chakula. Changu wa kukaanga atapotea. Kinachoweza kushindana nalo ni chakula chenye sauti: samaki aliyekaushwa kwa moshi akaungwa nyanya na bamia, dagaa wa kukaanga kwa chumvi nyingi, utumbo wa mbuzi. Ming'oko, ile mizizi ya porini ya kusini, ya kuchemsha na chumvi nayo inakwenda na uraka mchanga, kwa sababu haina ladha ya kugombania nafasi.

Joto. Uraka hautunziki. Unywe siku hiyo hiyo au uuache. Mvinyo wa chupa uweke kwenye friji kutoka siku uliyoununua, na kizibo kikianza kutoa povu kama soda, ujue haujamaliza kuchachuka.

Mfuko na mtu wake. Uraka ni wa bei ndogo lakini ni wa msimu na wa shambani; dukani hutaukuta. Mvinyo wa mabibo unaupata kwenye vikundi na kwenye maonesho ya Nanenane kuliko kwenye rafu. Unamfaa mwenyeji mwenye mgeni kutoka mbali ambaye ameshakunywa za Dodoma kwao na anataka kuonja kusini.

Kabla hujalipa

Chupa ya Dodoma inaondoka kiwandani ikiwa nzima. Yanayoipata baada ya hapo ndiyo yanayokuchanganya, kwa sababu chupa mbili za aina moja kutoka maduka mawili ya mtaa mmoja zinaweza kuwa na ladha tofauti kabisa.

Iangalie kwa karibu. Kama ina kizibo cha gome, pitisha kidole juu ya mdomo wake: kizibo kinatakiwa kiwe sawa na ukingo wa kioo. Kikiwa kimenyanyuka hata kidogo na kusukuma plastiki iliyokifunika, waini ilipata moto ikatanuka. Tazama kama kuna michirizi iliyokaukia shingoni au lebo iliyobabuka kwa unyevu. Inyanyue kwenye mwanga: nyeupe ikiwa imegeuka rangi ya chai, iache. Na angalia rafu yenyewe iko wapi. Chupa za mbele dirishani ndizo zinazopigwa na jua kila mchana chini ya bati. Omba ya nyuma, chini, yenye kivuli. "Nitolee ile ya kwenye boksi, kaka," nalo ni ombi la kawaida, wala muuzaji hachukii.

Nyumbani iweke sehemu ya chini kabisa ya kabati, mbali na jiko. Juu ya friji, ambapo wengi wetu huziweka kwa sababu zinapendeza, ni mahali pabaya kuliko pote ndani ya nyumba: pana joto usiku na mchana na panatikisika. Na usinunue nyeupe drai ya kuiweka miaka mitatu. Inakusudiwa kunywewa ikiwa changa.

Uchague nini, kwa hali yako

Jioni ya kawaida, samaki kutoka Feri, watu wawili. Nyeupe drai, na usifikirie mara mbili kama kuna tui. Ukikuta nyeupe imekwisha dukani, nyekundu tamu haitaokoa jahazi hapo. Bora bia au maji.

Samaki yupo lakini amechomwa makaa, na hasa akiwa pweza. Nyeupe bado ni salama. Anayetaka nyekundu achukue Makutupora, aipoze, na aweke ndimu mbali na sahani.

Mbuzi wa shughuli, pilau, jamaa kutoka Masasi na Dar. Weka nyekundu drai na nyekundu tamu, chupa moja ya drai kwa kila mbili za tamu. Wazee na akina mama wengi wataomba tamu, na wale wawili watatu wanaojifanya wajuzi wataimaliza drai.

Pilipili nyingi. Tamu, baridi sana, glasi ndogo.

Fedha ya korosho imeingia na unataka kujipongeza bila karamu. Syrah kama ipo, korosho zako mwenyewe za kukaanga, na kiti cha barazani. Hapa kutumia pesa zaidi kuna maana, kwa kuwa hakuna mchuzi wa kuificha waini.

Zawadi ya harusi au ya mkwe usiyemjua vizuri. Uliza kwanza kama nyumba hiyo wanakunywa. Pwani yetu ina nyumba nyingi ambazo pombe haiingii, na chupa ya waini kwenye mlango wa namna hiyo ni aibu kwa pande zote mbili. Kilo mbili za korosho nyeupe zina heshima zaidi. Wakiwa wanakunywa, tamu ndiyo yenye hatari ndogo.

Mgeni wa msimu wa mabibo. Mpeleke shambani asubuhi, uraka ukiwa mchanga, na chupa ya nyeupe iwe inamsubiri kwenye friji kwa chakula cha mchana.

Mezani kuna wanaokunywa na wasiokunywa. Usiwaachie hao wa pili soda tu huku umehangaika na wengine. Ukwaju wa baridi usiotiwa sukari nyingi una uchachu unaofanya kazi ile ile ya Chenin kwenye samaki wa kukaanga na kwenye tui, na rozela iliyochemshwa na kipande cha mdalasini ina ukakasi kidogo unaokaa vizuri na pilau. Itengeneze usiku uliopita, iwe kwenye jagi lake na glasi zake zenyewe, na chupa ziwekwe upande mwingine wa meza.